Tundu Dogo Lisiwe Mali ya Wenye Nazo

Kuna mabishano yanayoanzia katika vyumba vya upasuaji na kuishia katika mifuko ya watu. Mabishano hayo yanahusu namna ya kumtoa mgonjwa uvimbe ulioota katika ini. Je, tumbo lifunguliwe kwa mkato mrefu chini ya mbavu, kama walivyofanya wapasuaji kwa zaidi ya miaka mia moja? Au yatobolewe matundu machache madogo, iingizwe kamera pamoja na vyombo vyembamba, na mpasuaji akate huku akitazama kioo cha televisheni? Kwa mtu ambaye hayajamfika, hilo laweza kuonekana kuwa jambo la mafundi peke yao. Kwa mkulima aliyelazwa wodini huku shamba lake likiota magugu, si jambo la mafundi hata kidogo.

Yapo makundi mawili yaliyolipotosha jambo hili. Kundi la kwanza ni la wachuuzi wa mashine na wapambe wao. Hao wanahubiri kwamba tundu dogo ndio ustaarabu na mkato mrefu ni ushamba. Kwamba anayepasuliwa kwa kamera anapona saratani, na anayefunguliwa tumbo amehukumiwa. Kundi la pili ni la mabingwa waliozama katika mazoea, pamoja na watendaji wanaopenda kujificha nyuma yao. Hao wanasema matundu madogo ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba mwananchi wa kawaida ashukuru akipata kitanda, nyuzi na dawa ya usingizi.

Makundi haya yanaonekana kugombana, lakini ukiyatazama vizuri utayakuta yameketi mkeka mmoja. Yote mawili yanamwachia mtu wa kawaida mkato mrefu, na tundu dogo yanalikabidhi kwa mwenye nauli ya kwenda ng'ambo. La kwanza linafanya hivyo kwa kulipandisha bei, la pili kwa kulikataa nyumbani. Matokeo ni yale yale.

Kabla ya kuyahukumu makundi hayo, ni vema msomaji aelewe kinachobishaniwa. Ini ni kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyomo tumboni, nalo limejaa damu. Ndiyo maana wapasuaji wa zamani waliliogopa. Mwaka 1908 James Hogarth Pringle, mpasuaji wa Glasgow, alieleza namna ya kuibana kwa muda mishipa inayoingiza damu katika ini. Katika miaka ya 1950 Mfaransa Claude Couinaud alionyesha kwamba ini limegawanyika katika sehemu nane, kila sehemu na mishipa yake, hivi kwamba sehemu moja yaweza kuondolewa bila kuziua nyingine. Tena ini lenye afya lina kipawa cha ajabu: likikatwa, linalobaki hukua tena. Juu ya misingi hiyo ndipo ulipojengwa upasuaji wote wa ini, wa mkato mrefu na wa matundu madogo.

Katika upasuaji wa kufungua tumbo, mpasuaji hukata ngozi na misuli chini ya mbavu za kulia, mara nyingi kwa mkato unaopinda kama mundu, kisha mbavu zikainuliwa kwa vyuma. Faida yake ni kwamba mikono miwili inaingia, vidole vinapapasa uvimbe, na damu ikichuruzika kwa nguvu mkono unaiwahi. Hasara yake inabebwa na mgonjwa. Misuli iliyokatwa inamuuma kila anapovuta pumzi. Anaogopa kukohoa, makohozi yanatuama, na mapafu yanaweza kushikwa na kichomi. Kidonda kirefu chaweza kutunga usaha. Miezi au miaka baadaye, kovu lenyewe laweza kulegea likazaa ngiri.

Katika upasuaji wa matundu madogo, tumbo hujazwa hewa ya ukaa ili ukuta wake uinuke mithili ya hema. Yanatobolewa matundu kadhaa, kila moja likiwa na upana usiozidi wa kidole. Kamera inaingia, vyombo virefu vinaingia, na kifaa cha mawimbi ya sauti kinapitishwa juu ya ini kuonyesha uvimbe na mishipa ambayo jicho haliioni. Kipande kilichokatwa hutiwa katika mfuko na kutolewa kupitia mkato mfupi. Shinikizo la ile hewa husaidia kupunguza damu inayovuja katika mishipa midogo. Lakini vidole vya mpasuaji havigusi kitu; mshipa mkubwa ukipasuka, kuuziba kwa vyombo virefu ni kazi ngumu; na ipo hatari, ingawa si ya kila siku, ya hewa kupenya katika mishipa ya damu. Zaidi ya hayo, uvimbe ulioko mbele au upande wa kushoto wa ini hufikika kwa urahisi, bali ule uliojificha juu na nyuma, karibu na kiwambo, humtoa jasho hata bingwa.

Kwa sababu hizo njia hii haikukubaliwa kwa pupa. Taarifa za kwanza za kukata ini kwa matundu zilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2008 wataalamu walikutana Louisville, Marekani, wakashauri kwamba njia hiyo inawafaa hasa wagonjwa wenye uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, ulioko katika sehemu za mbele na za pembeni. Mwaka 2014 walikutana tena Morioka, Japani, wakakubaliana kwamba kwa upasuaji mdogo wa ini matundu yamekwisha kuwa jambo la kawaida, lakini kwa upasuaji mkubwa bado ilipasa kwenda kwa hadhari. Huo ni mwendo wa watu wanaopima kabla ya kukata.

Hata hivyo makubaliano ya mabingwa si ushahidi kamili. Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Oslo, Norway, tena katika hospitali ya umma ya Chuo Kikuu. Huko walikuwa wamelikata ini kwa matundu tangu mwaka 1998, na wangeweza kuridhika na sifa. Badala yake walijiweka kwenye mizani. Kati ya mwaka 2012 na 2016, kwa fedha za mamlaka ya afya ya umma, walichukua wagonjwa 280 ambao saratani yao ilianzia katika utumbo mpana ikasambaa hadi kwenye ini. Waliwagawa kwa njia ya kura: 133 wapasuliwe kwa matundu, 147 wafunguliwe tumbo. Mpasuaji hakuchagua, mgonjwa hakuchagua, mfuko wa mtu haukuchagua. Kwa njia hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba wenye nafuu walipelekwa upande mmoja na walio hoi upande wa pili.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2018. Katika muda wa siku 30 baada ya upasuaji, waliopata matatizo walikuwa asilimia 19 kwa upande wa matundu na asilimia 31 kwa upande wa mkato mrefu. Muda wa kukaa hospitalini ulikuwa saa 53 kwa wa kwanza na saa 96 kwa wa pili. Gharama kwa jumla hazikutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Kisha mwaka 2021 yakatolewa matokeo ya uhai. Muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 80 kwa waliopasuliwa kwa matundu na miezi 81 kwa waliofunguliwa. Waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 54 upande mmoja na asilimia 55 upande wa pili.

Tarakimu hizo ni chache, lakini zinayapiga makundi yote mawili kwa fimbo moja.

Kwanza zinampiga mchuuzi. Miezi 80 kwa miezi 81 si ushindi wa mtu yeyote. Saratani haikuuliza kama ilitolewa kwa mlango au kwa dirisha. Iliuliza kama ilitolewa yote, na kama mbegu zake zilikuwa zimekwisha kupandwa mahali pengine. Anayemwambia mgonjwa kwamba kamera itamrefushia maisha kuliko kisu anamuuzia kitu ambacho hakipo dukani. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Yapasa kuongeza kwamba mwenye kovu dogo usidhani kapoa zaidi. Familia inayouza ng'ombe na kiwanja ili mzee wao apelekwe ng'ambo kutafuta tundu dogo, ikiamini kwamba inamnunulia miaka, imedanganywa, na aliyeidanganya amekula ng'ombe wake.

Pili zinampiga mwenye mazoea. Ikiwa uhai ni sawa na gharama ni sawa, kwa haki gani mgonjwa anaongezewa maumivu? Tofauti ya asilimia 31 na 19 maana yake ni kwamba katika kila wagonjwa mia moja, kumi na wawili waliepushwa na matatizo. Tofauti ya saa 43 kwa kila mgonjwa maana yake ni kwamba kwa wagonjwa mia moja zinaokolewa karibu siku 180 za kitanda. Katika nchi tajiri hiyo ni nafuu. Katika nchi ambayo wagonjwa wawili hulala kitanda kimoja na wa tatu hutandikiwa sakafuni, hiyo ni wodi nzima. Basi ni nani hasa anayehitaji zaidi tundu dogo? Ni mkurugenzi anayerudi ofisini kuketi kwenye kiti cha magurudumu, au ni mpagazi wa bandarini anayerudi kubeba gunia? Kovu refu linamsumbua tajiri mbele ya kioo. Mkulima linamsumbua mbele ya jembe. Wanaosema njia hii ni anasa wamelishika jambo kichwa chini miguu juu.

Lakini ukweli hauna budi kusemwa wote, hata ule usiopendeza. Wagonjwa wa Oslo hawafanani na wengi wa wagonjwa wa Tanzania. Wale waliugua saratani iliyotoka utumbo mpana, na uvimbe ulikatwa katika ini lililokuwa zima kwa sehemu kubwa. Barani Afrika, kusini ya Sahara, saratani ya ini kwa wingi huanzia katika ini lenyewe, baada ya miaka mingi ya virusi vya homa ya ini aina ya B. Pale ambapo virusi hivyo vinakutana na sumukuvu ya mahindi na karanga, hatari huongezeka maradufu na zaidi. Ini kama hilo mara nyingi limekwisha kusinyaa. Likikatwa kipande kikubwa, kilichobaki hakiwezi kumbeba mgonjwa. Tena wengi hufika hospitalini wakati tumbo limekwisha kujaa maji na macho yamegeuka manjano. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, mjadala wa tundu na mkato ni mjadala wa rangi ya mlango katika nyumba iliyokwisha kuungua.

Tena hata penye nafuu yapasa kutozidisha chumvi. Mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali 16 za Ulaya kwa wagonjwa waliokatwa karibu nusu ya ini. Waliopasuliwa kwa matundu walirudiwa na nguvu za kujihudumia baada ya siku 4, na waliofunguliwa baada ya siku 5. Siku moja ni siku moja. Ina thamani yake, lakini haimpi mtu ruhusa ya kupiga ngoma.

Hapo ndipo mwenye mazoea anapodhani ameokoka. "Mnaona?" anasema. "Wagonjwa wanachelewa; basi yanini matundu?" Hoja hiyo haina miguu. Kuchelewa kwa mgonjwa ni kosa la kurekebishwa, si kisingizio cha kurithishana. Chanjo ya homa ya ini aina ya B inatolewa kwa watoto wachanga nchini Tanzania tangu mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ndio wazazi na wavuja jasho, wengi wao hawakuipata. Hao wanastahili kupimwa, na wenye virusi na ini lililoanza kuharibika wachunguzwe kwa mawimbi ya sauti kila miezi sita, kama mwongozo wa kitabibu unavyotaka. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukausha mahindi vizuri na kuyahifadhi pakavu ni sehemu ya vita dhidi ya saratani ya ini sawasawa na kisu chochote. Na kadiri kazi hiyo itakavyofanikiwa, ndivyo uvimbe utakavyogunduliwa ungali mdogo. Uvimbe mdogo ndio hasa unaofaa kutolewa kwa tundu dogo. Basi atakayeutoa ataandaliwa lini? Siku mgonjwa atakapokuwa amefika mlangoni?

Wapo watakaosema hayo hayawezekani katika nchi isiyo tajiri. Watazame Mongolia. Hiyo ni nchi yenye watu wachache waliotawanyika katika ardhi kubwa, na ndiyo inayoongoza ulimwenguni kwa kiwango cha saratani ya ini. Mwaka 2005 ni asilimia 2 tu ya wagonjwa waliotolewa mfuko wa nyongo huko ndio waliopasuliwa kwa matundu. Wengine wote walifunguliwa tumbo. Wapasuaji wa nchi hiyo, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Utah, walianza kufundishana, kwanza mji mkuu, halafu mikoani. Hawakufundishwa madaktari peke yao, bali hata wauguzi, watoaji wa dawa ya usingizi na mafundi wa mitambo. Ilipofika mwaka 2013, asilimia 62 ya upasuaji huo nchini kote ulikuwa ukifanywa kwa matundu. Mfuko wa nyongo si ini, na hakuna anayedai hivyo. Lakini ndiyo darasa la kwanza, na asiyepita darasa la kwanza hafiki la saba. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mafunzo ya Mongolia na ya Oslo yanaonyesha njia iliyo wazi. Mashine isinunuliwe kabla ya kuandaliwa watu wa kuitumia na kuitengeneza. Kamera iliyofunikwa turubai kwa kukosa kipuri ni deni, si maendeleo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuonya kwamba fedha za mikopo hutumika mijini, bali hulipwa kwa jasho la mkulima. Onyo hilo linahusu mashine za hospitali kama linavyohusu kitu kingine chochote. Mpasuaji aanze na nyongo na kidole tumbo, aendelee hadi vipande vya mbele vya ini, na asiguse sehemu za nyuma mpaka mkono umekomaa. Takwimu zilizotolewa mwaka 2009 kutoka hospitali moja ya Ufaransa zilionyesha kwamba ujuzi wa kukata ini kwa matundu hukamilika baada ya upasuaji wapatao 60. Hizo si siku mbili za semina hotelini.

Hapo pana jambo jingine la kushika. Asiyejua kulikata ini kwa mkato mrefu haruhusiki kulikata kwa tundu. Damu ikishindikana, tumbo halina budi kufunguliwa papo hapo, na kufungua huko si aibu wala kushindwa. Ni uaminifu kwa mgonjwa. Mpasuaji anayeona haya kuacha kamera ili kuokoa roho ya mtu amekwisha kuwa mtumishi wa mashine. Kwa hiyo mkato mrefu hautupwi. Utabaki kwa uvimbe mkubwa, kwa ule uliokumbatia mishipa mikuu, na kwa saa ya hatari. Kinachopaswa kutupwa ni uvivu wa kuutumia kwa kila mtu eti kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka.

Mwisho, kila upasuaji uandikwe: nani alipasuliwa, kwa njia gani, alipata tatizo gani, alitoka lini, na yu hai baada ya mwaka. Watu wa Oslo hawakuwa mabingwa kwa sababu ya kamera, kwani kamera zimejaa duniani. Walistahili heshima kwa sababu walikubali kuhesabiwa hadharani, na hesabu ilipoonyesha kwamba hawakumwongezea mgonjwa hata mwezi mmoja wa maisha, waliichapisha vile vile. Hospitali isiyojihesabu haina haki ya kujisifu kwa njia yoyote, iwe fupi au ndefu.

Kwa miaka mingi wagonjwa wa Tanzania wamekuwa wakipelekwa India na kwingineko kutafuta matibabu. Wapo waliopelekwa kwa fedha za Serikali na kwa haki, kwa kuwa huduma haikuwapo nyumbani. Lakini kila tiketi iliyokatwa ilipaswa kuwa pia swali: lini huduma hii itafundishwa hapa? Nauli ya mgonjwa mmoja hurudi na mgonjwa mmoja. Ada ya mpasuaji mmoja aliyefundishwa, akarudi kufundisha wenzake Muhimbili, Bugando, Mbeya na Moshi, hurudi na maelfu.

Mabishano ya tundu na mkato, basi, yamekwisha kujibiwa na mizani ya Oslo. Kwa uvimbe unaofaa, katika mikono iliyofundishwa, tundu dogo humpunguzia mgonjwa mateso na halimpunguzii maisha. Swali lililobaki si la wapasuaji peke yao. Ni kama nafuu hiyo itawekwa katika wodi ambako mkulima na mpagazi hulazwa, au itaachwa kuwa bidhaa nyingine ya wenye nazo. Wenye mamlaka juu ya bajeti, vyuo na hospitali ndio wanaopaswa kulijibu, na wagonjwa waliolala sakafuni wanawasubiri.